Kona Aliyoiruka Shangazi

"Shangazi, mbona kila ukifika pale kwenye kona unakiinua kisu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado shule ya msingi, nimekaa juu ya nguzo ya geti, namtazama akigeuza trekta. Alinitegea sikio kana kwamba hakusikia, na alikuwa amesikia vizuri sana. "Nakipumzisha," akasema. "Kwani wewe hupumziki?" Kisha akatia gia akaenda zake, nikabaki na moshi.

Kisu chenyewe si cha jikoni. Ni bamba la chuma, refu kuliko mimi, lililofungwa nyuma ya trekta kwa mikono miwili inayopanda na kushuka. Likishushwa linakwangua njia, likiinuliwa linaning'inia tu. Shangazi, dada yake baba, ndiye mwenye trekta, ndiye mwenye kisu, na ndiye mwenye njia. Njia hiyo ya changarawe inaanzia barabara ya lami, inapita pembeni mwa malisho, inavuka kalavati moja, inapinda kwenye kona chini ya mteremko, halafu inapanda moja kwa moja mpaka mlangoni kwake. Ni ndefu kiasi kwamba mgeni akiteremkia lami akaja kwa miguu na mzigo wake, mpaka afike ameshamnunia aliyemwalika. Sisi nyumba yetu iko katikati, upande wa malisho, kwa hiyo hakuna kinachopita bila mimi kukiona.

Watu wanamwita Dereva. Msimu wa kilimo analima mashamba ya watu, na msimu ukiisha anarudi kwenye njia yake. Trekta aliachiwa na mumewe, ambaye alifariki mimi sijazaliwa. Rangi nyekundu ya trekta imebaki kwenye mikunjo tu, kama rangi ya kucha ya mtu aliyesahau kuifuta. Shangazi analiita Mzee.

"Mzee leo kaamka na kikohozi," anamwambia baba asubuhi.

"Dada, si uolewe tena tu."

"Niolewe na nani? Huyu anakohoa asubuhi peke yake, mchana kutwa anafanya kazi, na jioni haulizi kuna chakula gani."

Ndivyo alivyo. Shangazi ana mdomo. Hakuna anayekaa naye dakika mbili bila kucheka, na hakuna anayekaa naye siku nzima bila kuguswa. Daktari wa mifugo alipoota kitambi alimwambia ajihadhari, siku moja ng'ombe watampima yeye mimba. Daktari alicheka mpaka akashika mti. Halafu akakaa muda mrefu bila kupita kwetu. Shangazi alishangaa kwa dhati. "Nimemfanya nini mimi?"

Lakini akipanda juu ya Mzee anakuwa mtu mwingine, mpole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Njia haitengenezwi wakati wa jua kali, kwa sababu utakwangua vumbi na upepo utakuja kulichukua. Haitengenezwi wakati wa mvua pia. Anasubiri mvua inyeshe, ardhi inywe, ianze kukauka juu huku ndani bado ina unyevu, hapo ndipo anatoka. Mashimo hayafukii tu. Anasema ukilifukia shimo bila kulipasua mpaka chini yake, gari la kwanza linalifukua. Anakiweka kisu mshazari, anaanza pembeni, anavuta changarawe kuileta katikati, kwenda na kurudi, mpaka njia inakuwa na mgongo: katikati juu, kando chini, maji yakija yagawane kulia na kushoto yaingie mitaroni. Na haendi haraka. Ukikimbia kisu kinaanza kudunda, na njia yote inajikunja kama ubao wa kufulia. Mwisho anafunga nyuma fremu ya kitanda cha chuma, kile kilichokuwa kwenye chumba cha wageni, anaipakia mawe, anaiburuta ilainishe. "Kitanda hiki kililaza wageni wavivu," anasema. "Sasa angalau kinatembea."

Njia ikishakwisha inakuwa na mistari myembamba kama nywele zilizochanwa. Shangazi anaacha trekta kileleni, anasimama mlangoni akiitazama mpaka kule chini inakokutana na lami. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaisifia kazi yake. Alikuwa anamtazamia mtu.

Binti yake wa pekee, ambaye mimi namwita Dada, anafanya kazi mji wa mbali, kwenye ofisi ya bima. Miaka ya mwanzo alikuwa akija kila likizo. Alikuwa akiteremkia lami, na Shangazi anakwenda kumpokea na Mzee, mzigo unawekwa juu ya kisu, na wote wawili wanapanda mteremko wakipiga kelele za maneno kwa sababu injini haiwaachi wasikilizane. Halafu Dada akanunua gari.

Hiyo siku nilikuwepo. Alikuja na wenzake wawili wa kazini, gari la rangi ya maziwa, jipya machoni petu, na liko chini kabisa. Nililikimbilia pale malisho wakanifungulia mlango wa nyuma, nikakaa katikati ya wale wageni nikinusa viti. Tulipofika kwenye kona, kitu kikagonga chini kama mtu kapiga sufuria, gari likasimama. Oili ikaanza kutoka, mstari mweusi juu ya changarawe.

Shangazi aliteremka na Mzee na mnyororo. Akalizunguka gari, mikono kiunoni.

"Hili ni gari au sahani?" akauliza.

Wale wenzake wakacheka. Na Shangazi akichekewa haachi.

"Nani kakuuzia? Alikuwa amelikalia?"

"Mama," Dada akasema.

"Mwanangu, ungeniambia mapema unanunua kitu cha kutambaa, nisingeleta mnyororo. Ningeleta kamba ya mbuzi."

Akalifunga, akapanda, akalivuta. Njia nzima alikuwa akigeuza shingo na kupaza sauti juu ya injini. Alisema kuku wakae pembeni wasije wakalipanda. Alimwita baba kutoka kwenye boma la ng'ombe aje aone gari linalotembelea tumbo. Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi pia nilicheka, ilikuwa inachekesha. Dada alikuwa kwenye usukani, naye anacheka. Nilimwona kwenye kioo kile cha juu. Mdomo ulikuwa unacheka na macho yalikuwa yameganda kwenye mnyororo.

Baadaye ndipo nilipomsikia mama akimwambia baba kwamba Dada alikuwa amejinyima sana kwa ajili ya gari lile, na kwamba alikuwa amelileta kwa mama yake kabla hajalipeleka popote pengine.

Kesho yake fundi akaja akaziba. Dada akaondoka kabla ya chai.

Tangu siku ile wanaongea kwa simu. Nyumbani kwa Shangazi mtandao unapatikana kwenye dirisha la sebuleni tu, basi simu inakaa pale kwenye kizingiti, pembeni ya kopo la misumari na betri ya trekta iliyoletwa ndani kuchajiwa. Anaifungulia sauti kwa sababu mikono yake huwa na grisi. Anainawa kwa sabuni ya unga na mchanga kwenye beseni, huku anaongea, na wote tuliomo ndani tunasikia.

"Mama, natamani kuja. Lakini ile njia."

"Njia naitengeneza, mwanangu."

"Ukimaliza niambie."

"Nitakwambia."

Ilikuwa inasemwa kila mara, karibu kwa maneno yale yale, kama salamu. Akishakata simu, Shangazi anakwenda chumba cha Dada, anafungua dirisha, anapiga mto makofi mawili kuutoa vumbi, anafunga tena.

Mwaka uliofuata akafanya kosa ambalo lingeweza kufanywa na yeye tu, mtu aijuaye njia kiasi kile na anayemtaka mtu kiasi kile. Gari la Dada lilikuwa linagusa tumbo katikati. Basi Shangazi akautoa mgongo. Alikilaza kisu, akaikwangua njia yote kutoka lami hadi mlangoni, akaichonga bapa kama meza. Baba alisimama kando ya malisho akamwambia, "Dada, maji yatapita wapi?"

"Yatajua yenyewe."

"Tangu lini maji yakajua?"

"Wewe mambo yako ni ng'ombe. Niachie njia."

Jioni akapiga simu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nafanya hesabu zangu za shule. Alikuwa na furaha mpaka miguu yake ilikuwa haitulii.

"Mwanangu, njia tayari. Haina mgongo wala tumbo. Njoo." Na kabla hajafunga mdomo likamtoka: "Sasa hata sahani inapita."

Nilisikia gari likipiga honi huko mjini alikokuwa Dada, mbali sana, na jingine likijibu.

"Sawa, mama," Dada akasema. "Nitaangalia kazini."

Shangazi alibaki amesimama na povu mikononi. Akasema kama anayejiuliza, "Nilikuwa natania tu." Mimi niliinamia hesabu.

Mvua zilipokuja, maji yalikaa katikati ya njia kwa sababu hayakuwa na pa kwenda. Halafu yakatafuta mteremko. Asubuhi moja tuliamka tukakuta njia imechimbika mfereji kutoka juu hadi kwenye kona, kalavati imeziba, na changarawe yote imelala kwenye malisho, ng'ombe wetu wanaikanyaga kwa mashaka kama watu waliovua viatu.

"Dada, ulikuwa na njia," baba akasema. "Sasa una mto. Nunua mtumbwi."

Nilimgeukia Shangazi kusubiri jibu lake, kwa sababu utani kama ule huwa haupiti bure. Alikuwa anatazama kule chini kwenye lami.

Alianza upya. Ilimchukua kiangazi chote kuizoa changarawe ile, kuirudisha kwa tela, kuimwaga, kuipasua, kuirudishia njia mgongo wake. Alifanya vizuri kuliko mwanzo. Mitaro aliichimba hadi ikawa ina kingo kama zilizokatwa kwa uzi. Ila kona hakuigusa. Alikuwa akishuka na kisu kinalia juu ya changarawe, akifika pale anavuta wenzo, kisu kinapanda, Mzee anayumba juu ya mashimo yale yale na jiwe lile lile lililotoboa gari la Dada, anatoka upande wa pili, kisu kinashuka, kazi inaendelea. Hapo ndipo nilipomuuliza lile swali, na hapo ndipo aliponiambia anakipumzisha.

Sikuwa peke yangu. Muuza maziwa, ambaye anapita kila asubuhi na pikipiki na madumu mawili, alimsubiri siku moja pale pale konani, amevua kofia.

"Mama Dereva, kona hii umekosana nayo nini?"

"Kwani imekufanya nini?"

"Kila nikipita hapa maziwa yanapigwa. Nikifika lami nauza siagi."

"Si siagi ina bei zaidi? Unatakiwa unishukuru."

Akacheka, akawasha pikipiki yake, akapita taratibu huku madumu yanagongana. Sikuelewa. Mtu anayeshuka kwenye trekta kwenda kuokota kokoto moja iliyokaa vibaya, anawezaje kuacha shimo la kumeza mguu? Nilikuja na majibu yangu. Nilidhani pana bomba chini. Nikadhani anaogopa nyoka. Nilimuuliza baba, akasema, "Muulize mwenyewe." Nikamwambia nilishamuuliza. Akasema, "Basi nawe acha."

Niliacha kuuliza ila sikuacha kuangalia. Nikaingia sekondari, nikawa nakuja nyumbani likizo tu, na kila likizo nilikuwa nafika konani kwa miguu kabla ya kuingia kwetu, na ilikuwa vile vile. Njia inang'aa mbele yake, inang'aa nyuma yake, na yenyewe katikati kama jino bovu.

Halafu Dada akanunua gari jingine. Nilikuwepo tena, safari hii nikimenya viazi kwenye meza ya sebuleni kwa Shangazi. Sauti ya Dada ilitoka kwenye simu pale dirishani imechangamka kama zamani.

"Mama, lile dogo nimeliuza. Hili ni refu, magurudumu makubwa. Njia yoyote napita sasa, hata mtoni."

Shangazi alifungua mdomo. Niliona utani ukimjia, niliuona kabisa ukipanda shavuni, na niliona alivyoumeza. "Hongera, mwanangu," akasema. "Hongera sana. Umefanya kazi."

"Asante, mama."

Siku ile ile Shangazi alifua mapazia ya chumba cha Dada. Akaisugua sakafu. Alichukua Mzee akaitengeneza njia ingawa haikuwa imeharibika, na akakiinua kisu konani. Likizo ile ikapita, Dada hakuja. Nyingine ikapita. Kwanza ilikuwa kazi. Mara ya pili ilikuwa mafuta kupanda bei. Mara ya tatu nilisikia Dada akikosa la kusema, akizunguka zunguka, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Na ile kona bado, eti?"

"Bado," Shangazi akamjibu haraka.

"Basi."

"Ndiyo. Basi."

Nilibaki na kisu changu cha viazi mkononi. Gari refu, magurudumu makubwa, linapita hata mtoni, kona inaingiaje hapo? Lakini wote wawili walikuwa wameongea kama watu waliofikia makubaliano, na Shangazi aliponawa mikono siku ile aliinawa muda mrefu, hata grisi ilipokwisha.

Likizo hii nimemkuta amepungua. Si sana. Anapanda Mzee kwa kushika usukani kwanza, zamani alikuwa anaruka. Jioni ya juzi simu ilipolia alikuwa ameshanawa, mikono mikavu, lakini aliifungulia sauti vile vile. Mazoea.

"Mama, shikamoo. Njia vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Njia nzuri. Imebaki kona." Akavuta kiti akakaa. Huwa hakai akiongea na simu. "Kesho naitoa."

"Usijisumbue, mama."

"Sijisumbui. Mvua imenyesha, udongo umelainika."

"Mama, gari langu ni refu."

"Najua ni refu."

Nilikuwa mlangoni, na ningekuwa na adabu ningetoka nje. Sikutoka. Taa ya simu ilikuwa bado inawaka pale kizingitini.

"Haya," Dada akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akakata bila kuaga.

Jana asubuhi nilimtangulia konani, nikasimama juu ya ukingo. Alishuka taratibu na Mzee. Alipofika pale mkono wake ulikwenda kwenye wenzo, kwa mazoea, ukakaa juu yake. Halafu akautoa. Kisu kikaingia ardhini kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nzito, kama kabati linaburutwa. Trekta likapiga magoti, likanguruma, likatoka. Alirudi nyuma akapasua tena, chini zaidi, hadi kwenye shina la yale mashimo. Jiwe lile likajitokeza, kubwa kuliko tulivyodhani, na alishuka akalikongoa mwenyewe kwa mtaimbo, hakutaka nimsaidie. Akaleta changarawe kutoka pembeni, akaipa kona mgongo, akaufungua mtaro. Mwisho akaburuta kitanda. Kona ikawa njia tu, kama njia nyingine.

Akazima injini. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka nikasikia chuma cha Mzee kikipoa, tik, tik. Shangazi hakutazama kona. Alitazama lami, ambako hakukuwa na kitu kinachokuja, akafuta uso kwa kitambaa chake cha grisi ukachafuka zaidi.

"Uliniuliza siku zile mbona nakiinua kisu hapa," akasema. "Nilikuwa namwachia sababu. Watu wakimuuliza mbona huendi kwenu, awe nalo la kusema, njia mbaya. Nami nikiulizwa mbona mwanao haji, niwe nalo. Tumeishi nalo vizuri hilo la njia, mimi na yeye, hakuna aliyemuumiza mwenzake. Sasa gari limepanda juu, kona nayo imetoka. Limebaki la mdomo wangu, na hilo trekta haliwezi. Usiku huu nampigia."